Mwaka Ambao Shemeji Hakutishiwa

Kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, haina usaili. Mama mwenye shamba aliniuliza kama nina sauti. Nikamwambia ninayo. Akaniuliza kama nina mke atakayekuja kunifuata katikati ya msimu. Nikamwambia sina. Basi, nikawa nimeajiriwa.

Nilikuwa nimetoka Kidatu, kwenye miwa, na kabla ya miwa nilikuwa Malinyi, nikinunua samaki wakavu na kuwauza Ifakara kwa baiskeli. Shule niliiacha darasa la sita. Sikugombana na mtu. Siku moja nilipita njia nyingine kuona inaishia wapi, na mpaka leo sijafika inapoishia.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye tambarare ambayo masika huwa ziwa na kiangazi huwa vumbi. Palikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu, na dungu langu lilisimama ubavuni mwake: nguzo nne, jukwaa la fito, paa la nyasi, na kipande cha turubai kilichochoka. Kutoka juu pale niliona mashamba mawili. La kulia lilikuwa la mama. La kushoto lilikuwa la shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Ndege hula kote, kwa hiyo walikubaliana kuniajiri mimi mmoja, na kila mmoja angenipa mpunga wakati wa mavuno. Hilo walilimaliza asubuhi moja wakinywa uji.

Kilichowashinda ni mpaka.

Ndugu wawili wale walipogawana shamba la baba yao, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, mpaka uliwekwa mstari mnyoofu kutoka kwenye kichuguu hadi kwenye mkuyu ulioko kando ya kijito. Tuta likainuliwa juu ya mstari huo. Lakini bonde lile hufurika, na maji yakiondoka huondoka na matuta, kwa hiyo kila msimu lazima yainuliwe upya. Tangu marehemu afariki, anayewahi kuinua tuta alikuwa shemeji, na kila alipoliinua lilikuwa limesogea hatua moja upande wa mama. Hatua moja si kitu cha kuvunjia undugu. Miaka ikapita, hatua zikawa kipande.

Na kipande chenyewe ndicho kilichokuwa kizuri. Kiko bondeni kabisa, udongo mweusi, kinashika maji hata mvua ikikatika mapema. Sehemu iliyobaki ya shamba la mama imeinuka kidogo, na mvua ikichelewa mpunga wake unabaki kama nywele za mgonjwa. Mwaka niliofika, chakula chake kilikuwa kimekwisha kabla mpunga mpya haujabeba, na watoto wake wanne walikuwa wakila mihogo asubuhi na jioni. Alikuwa ameanza kusema kwamba wa pili atasimama shule. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayekuambia kuku wameacha kutaga. Nilipiga hesabu ya hatua nikaona kwamba shemeji akiendelea hivyo, yule mdogo atakapokuwa mtu mzima atarithi kichuguu.

Mama alipigania kipande chake. Alikipigania kila siku, kwa mdomo. Nilikuwa nawasikia vizuri kwa sababu walikuwa wanakutana chini ya dungu langu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba shemeji. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Dada anaendeleaje na mgongo?"

"Afadhali kidogo."

"Namshukuru Mungu. Shemeji, mwaka huu nakushitaki."

"Nishitaki."

"Nakupeleka baraza la kata. Nakupeleka mpaka Ifakara mjini. Utashangaa!"

"Nitashangaa."

"Kichuguu kile pale, kila mwenye macho anakiona!"

"Kichuguu kinakua, shemeji. Kimekua kuja upande wako. Mpaka unafuata kichuguu, sasa mimi nifanyeje?"

"Vuka tuta hili tena uone. Vuka! Mimi na wewe!"

"Haya. Nisalimie yule mdogo, mwambie baba mkubwa kamwekea muwa."

Kisha kila mmoja alishika jembe lake.

Hiyo habari ya kichuguu kukua ilinisumbua. Nikakata kamba, nikapiga alama kwa kijiti, nikawa naipima kila nilipokosa kazi. Ni kweli kilikuwa kinakua. Mchwa walikuwa wanajenga upande wa shemeji. Kwa maneno yake mwenyewe, mpaka ulitakiwa kuhamia kwake. Nilishuka nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mchwa hawawezi kutoa ushahidi.

Mwenyekiti wa kitongoji naye alikuwa amezoea. Akimwona mama anakuja, anavuta kiti cha pili kabla ya hodi. "Umeamua kumshitaki?" anamuuliza. "Bado. Namwonya kwa mara ya mwisho," mama anajibu. Mwenyekiti anamimina chai. Mara za mwisho zilikuwa nyingi kiasi kwamba mke wa mwenyekiti alikuwa anajua sukari yake.

Kushitaki kweli kulikuwa na gharama zake, na si nauli peke yake. Mjane kumsimamisha kaka wa marehemu mbele ya kata, mtu ambaye ndiye atakayepokea posa ya binti yake, ni jambo ambalo watu wangelijadili mpaka mavuno mawili yapite. Mama alilijua hilo. Shemeji alijua kwamba mama analijua. Kwa hiyo alitishiwa kwa amani kabisa. Nadhani hata alipotishiwa alijisikia nafuu, kama mtu anayelipia kitu kidogo kidogo.

Mwezi wa nne kwelea walikuja.

Siku ya kwanza nilipiga kelele moja tu na anga likajaa ndege. Niliona fahari. Siku iliyofuata walipaa nusu. Baada ya hapo walikuwa wanainua vichwa, wananitazama, wanainama tena kwenye suke. Nikaongeza debe, nikalipiga kwa fimbo. Debe waliliheshimu siku mbili. Nikaona nitumie akili: nikarekodi sauti yangu kwenye simu, nikaazima spika ndogo ya muuza dawa za panya, nikaifunga kwenye mti katikati ya mpunga, iwe inapiga kelele yenyewe mimi nimelala. Asubuhi ya tatu nilimkuta ndege mmoja amesimama juu ya spika. Sauti yangu inatoka chini ya miguu yake, inamwambia atakufa leo, na yeye anasafisha bawa.

Nilimrudishia mtu spika yake. Nikakaa kimya. Nilifinyanga vidonge vya udongo, nikavikausha juani, nikachukua kombeo. Niliwaacha washuke wote, watulie, washibe nusu, halafu bila neno nikatupa kidonge katikati yao. Nikatupa kingine. Waliohamia kwa jirani wa kusini hawakurudi mchana ule, na kesho yake walipokuja walikuja wachache, wanaruka juu juu kama wanaotafuta pa kuulizia.

Mama alikuja na chakula akakuta kimya. "Umelala?"

"Hapana mama. Nimenyamaza."

Aliutazama mpunga, akautazama mkono wangu wenye kombeo. Akafunua chakula. Nilikuwa na njaa, nikala.

Baada ya mavuno niliondoka. Sijawahi kumtishia mtu kwamba nitaondoka. Huwa naondoka tu, na watu husikia habari zangu kutoka mahali pengine. Nilizunguka kiangazi chote. Lakini msimu uliofuata nilirudi, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nilitaka kujua kama atashitaki.

Nilifika wakati wa kulima. Shemeji alikuwa anainua tuta, na lilikuwa limesogea kama kawaida, pengine na zaidi ya kawaida. Alikuwa anafanya kazi polepole, anageuka nyuma kila baada ya majembe machache. Mama akaja na jembe begani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba shemeji. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Dada mgongo?"

"Afadhali kidogo."

"Namshukuru Mungu," akasema mama, akapita.

Shemeji alibaki na jembe hewani.

"Shemeji!"

"Abee shemeji."

"Tuta umeliona?"

Mama alirudi hatua mbili, akalitazama kutoka kichuguu hadi mwisho. "Nimeliona. Umelinyoosha vizuri."

Akaenda zake kulima.

Wiki ile nilikuwa nakarabati dungu langu, na shemeji alinijia pale mara kwa mara. Kwanza alikuja kuuliza kama ninahitaji fito. Kisha akaja kuuliza kama nina kiberiti. Mwisho akauliza alichokuja kuuliza.

"Kijana, shemeji yangu anaumwa?"

"Haumwi, mzee."

"Ana mtu mjini anamshauri?"

"Sijamwona."

"Hanitishii."

"Nimeona."

Alichimba ardhi kwa kidole cha mguu. "Mwaka jana siku kama hizi alishasema ananifunga," akasema. Alisema kama mtu anayekumbuka mvua nzuri.

Baada ya muda aliamua kwamba shemeji yake amesamehe, na uamuzi huo ulimfaa. Akawa kama amerudi ujanani. Kwenye kile kipande aliweka mbegu yake bora, ile ya mpunga wa kunukia, ambayo huwa anaificha kwa ajili ya Idi. Alipalilia mara mbili, ya pili kwa raha tu. Jembe lake dogo la palizi lilipokatika mpini, mama alimwazima la kwake. Alimpelekea na maji ya kunywa. Mimi nilipiga ndege pale kwa bidii kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndiko walikotaka kutua, na kwa sababu sikuwa na hakika ni wa nani.

Mpunga wa kipande kile uliinamia chini kwa uzito. Watu waliopita njia walisimama kuutazama. Shemeji alikuwa anawaambia ni mbegu.

Jioni moja mama alinipitia. "Kesho uje na mundu."

"Tunaanzia wapi?"

"Kwenye kichuguu."

Asubuhi alikuja na wanawake ambao huvuniana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kamba ya katani. Alifunga ncha moja kwenye kisiki kilichoko mguuni mwa kichuguu, akavuta kamba mpaka kwenye mkuyu, akaikaza, akafunga. Tuta la shemeji lilibaki upande wetu kabisa, limenyooka vizuri. Akawaambia wenzake mtu asivuke kamba hata kwa suke moja. Halafu akainama akaanza kukata.

Shemeji alifika na baiskeli jua likiwa limeshapanda. Tulikuwa tumefika katikati. Turubai lilikuwa limetandazwa, na wanawake wawili walikuwa wameanza kupiga mpunga.

"Shikamoo shemeji," akasema mama bila kunyanyuka.

"Marahaba." Alishuka kwenye baiskeli, baiskeli ikaanguka, hakuiokota. "Mnafanya nini?"

"Tunavuna."

"Hapo si nilipopanda mimi?"

"Ndipo."

"Sasa mnavunaje?"

"Kamba hiyo hapo shemeji. Kichuguu kile pale."

"Nakushitaki!"

"Haya."

"Nakupeleka kwa mwenyekiti! Nakupeleka kata! Utashangaa!"

"Nitashangaa."

Mwanamke mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Mwingine akamwuliza kama amemeza suke. Shemeji alinigeukia.

"Na wewe kijana, unakula kwangu!"

"Ndege nilifukuza, mzee," nikamwambia. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Leo hii hii! Sasa hivi nakwenda!"

"Msalimie mwenyekiti," akasema mama. "Mwambie sukari nitaleta."

Alikwenda kweli. Sikuwepo, lakini mwenyekiti mwenyewe aliwasimulia watu wengi, kwa hiyo ni kama nilikuwepo. Alimpa shemeji kiti. Alimsikiliza mpaka alipochoka. Kisha akamwuliza kamba imeanzia wapi na kuishia wapi. Shemeji akasema kichuguu na mkuyu. Mwenyekiti akasema ndipo alipokuwa amesimama yeye mwenyewe siku ya kugawana, na kwamba miaka yote mama amekuja pale kulia na yeye hakuwa na la kumfanyia, kwa sababu mtu aliyekuja kuonya huwezi kumwandikia hukumu. "Sasa leo amevuna," akamwambia. "Unataka nimwamuru arudishe mpunga kwenye mabua?"

Alasiri tulikuwa tunashona magunia. Mama aliyatenga mafungu mawili. Lake lilikuwa kubwa. La pili halikuwa dogo.

"Hili ni la nani?" nikauliza.

"La shemeji. Amelima, ametoa mbegu, amepalilia mara mbili. Mimi sili jasho la mtu." Aliuma uzi. "Nimemlipa kama vibarua wote wanavyolipwa, na mbegu nimerudisha."

"Akipokea?"

"Akipokea ujira, alikuwa kibarua. Shamba la mwenyewe halikulipi ujira."

"Na akikataa?"

Aliinua macho kuelekea milima ya Udzungwa. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, jeusi, la masika ambayo bado haijaaga. "Atapokea," akasema.

Nilimwuliza kama ni ndege waliomfundisha. Nilikuwa nimelifikiria hilo mchana kutwa, na nilijiona nimegundua kitu.

"Ndege gani?"

"Mwaka jana. Nilipoacha kupiga kelele."

"Ndege hawanihusu, mwanangu. Nilisikia sauti yangu nikaichoka."

Magunia ya shemeji yalipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia bondeni miaka mingi nyuma. Niliambiwa nimsindikize. Mzee yule hakuzungumza njia nzima, isipokuwa na ng'ombe, na nao aliwaambia mambo mafupi.

Shemeji alikuwa ameketi uani. Mke wake, yule dada anayeumwa mgongo, alikuwa anapepeta dagaa. Tulisalimia. Nikaeleza: huu ni mpunga kutoka kwa shemeji yako, malipo ya kulima, ya palizi, na mbegu yako.

"Rudisha!"

Nikamtazama mwenye ng'ombe.

"Mimi nimelipwa kuleta," akasema. "Sijalipwa kurudisha." Akaanza kushusha. Alishusha polepole, akayapanga katikati ya uwanja, mbali na mlango na mbali na kibanda, kama mtu aliyeelekezwa.

"Siyagusi!" shemeji akasema. "Mnasikia? Yataoza hapo hapo! Mimi si kibarua wa mtu! Shamba la baba yangu, halafu niletewe ujira!"

"Sasa yaoze," mke wake akasema.

"Yaoze!"

"Mbegu ya Idi nayo ioze?"

Upepo ulikuja na harufu ya vumbi lililolowa mahali pengine. Mke aliinua ungo wake wa dagaa akaingia ndani. Mwenye ng'ombe alikaa juu ya mkokoteni, akachomeka fimbo katikati ya magoti. Sikuona sababu ya yeye kuendelea kukaa, ila nadhani alikuwa na sababu ileile niliyokuwa nayo mimi.

"Nitamwonyesha yule mwanamke," shemeji alisema. "Msimu ujao ndio atanijua."

Tone la kwanza lilianguka juu ya gunia likaacha alama kubwa kama sarafu. Shemeji aliliangalia. La pili likaanguka. "Atanijua," akasema tena, lakini alikuwa ameshasimama. Likaanguka la tatu, na mengine baada ya hapo hayakuwa ya kuhesabu. Alitukana kidogo, kwa Kindamba, akainama, akatia gunia begani, akaingia nalo ndani. Akatoka. Akaingia na la pili. Nilisogea kumsaidia, akanikatalia kwa kichwa. Aliyaingiza yote mwenyewe.

Alipomaliza alisimama mlangoni amelowa, anahema.

"Na wewe unangoja nini?" akaniuliza.

"Mvua ipite, mzee."

"Ingia basi, mjinga wewe. Na huyo mwenye ng'ombe aingie."

Tulikula dagaa na wali. Hakuna aliyetaja mpaka.

Yule mtoto wa pili hakusimama shule. Mimi nilienda Malinyi, nikarudi kupitia bondeni kule wakati wa kulima, nikiwa njiani kuelekea kwingine. Maji yalikuwa yameondoka na matuta kama kawaida. Shemeji alikuwa wa kwanza kufika shambani kama kawaida. Alikuwa anainua tuta, na lilikuwa limeanzia kwenye kisiki cha mguuni mwa kichuguu na lilikuwa linaelekea kwenye mkuyu.

Nikampa shikamoo. Akaitikia. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia sijajua. Nilikuwa nimeshapita aliponiita.

"Kijana! Ukionana na shemeji yangu huko mbele, mwambie mwaka huu sitamlimia."

"Nitamwambia, mzee."

"Mwambie malipo yake madogo."